Ikitetemeka usitoe mguu

 Najua nimepotea, na wale wa bweni letu wameshaanza kunisema eti bando limekata. Hapana jamani. Nilikuwa likizo fupi nyumbani Arusha, halafu nikajikuta Kenya, kwenye uwanja wa mbio za magari, nimevaa fulana ya kung'aa na kubeba koni za plastiki kichwani kama muuza ndizi. Mimi huyu huyu ambaye hata baiskeli inanishinda kwenye kona. Kaeni mkao wa kula.

Kaka yangu ana Altezza. Nadhani kila mtaa wa Tanzania una Altezza moja na kijana mmoja anayeipenda kuliko mchumba wake, basi kwetu huyo kijana ndiye tumepewa. Ana klabu yao ya wapenda magari, kama watu ishirini hivi: Subaru nyingi, Altezza mbili tatu, Mark X, na Vitz moja nyeupe ambayo nitairudia. Jumapili wanakutana, wanaosha magari, wanafungua boneti, wanatazama injini zile zile walizozitazama Jumapili iliyopita na kutikisa vichwa kwa huzuni. Mwenzao akifiwa wanachangishana. Sina ubaya nao.

Mwaka huu waliamua kujipeleka shule. Kuna mzee mmoja Mkenya, zamani alikuwa kwenye timu za rali, anafundisha madereva kwenye uwanja wa mbio upande wa Athi River: namna ya kufunga breki, kukata kona, kuokoa gari likianza kuteleza. Siku moja nzima. Kaka alidunduliza miezi minne. Mama aliposikia akaniita jikoni akaniambia, "Nenda naye." Nikafurahi. Akaongeza, "Lakini usipande gari lake."

Hapo inabidi niwarudishe nyuma kidogo.

Desemba 2023, tunakwenda Rombo kula Krismasi kama Wachaga wote wenye akili timamu na wasio nayo. Kaka anaendesha, mama mbele kushoto, mimi nyuma na mbuzi wa nyama ya kukatakata kwenye ndoo. Tumeipita njia panda ya KIA, bado kufika Boma Ng'ombe. Fuso lililokuwa mbele yetu likasimama ghafla, taa za nyuma haziwaki hata moja. Kaka akakanyaga breki. Nakumbuka gari liliinama mbele, likainuka, likainama tena, halafu tukawa mtaroni upande wa kushoto. Mama alivunjika mkono. Ndoo ilinimwagikia yote, na watu waliokuja kutuokoa walipiga kelele wakidhani damu ile ni yangu. Siku hizi tunacheka hiyo sehemu ya ndoo. Ndiyo sehemu pekee tunayoizungumza.

Kaka alisema breki ziligoma. Alisema hivyo pale mtaroni, akasema hivyo kwa trafiki, akasema hospitalini. Na kwa kuwa siku mbili kabla fundi wetu alikuwa amebadilisha pedi za breki, mwenye kosa akawa amepatikana. Huyo fundi ametutengenezea magari tangu enzi za baba, pikapu ile ya zamani mnaoijua wachache. Kaka alikwenda gerejini kwake mchana kweupe, mbele ya wateja, akamwambia, "Umemvunja mama yangu mkono." Mzee wa watu alitaka alione gari, kaka akakataa, akalipeleka kwa fundi mwingine. Klabu nzima ikaacha kwenda kwa yule mzee. Na mimi, mwalimu mtarajiwa, mfundisha maadili wa kesho, nilikutana naye sokoni Januari nikampita bila kumpa shikamoo. Aliniona. Nilimwona ameniona.

Mama hakusema lolote. Ila tangu siku hiyo hajapanda Altezza.

Basi safari. Nilipanda Vitz. Mwenye Vitz ni mama mmoja muuguzi mstaafu, mwanamke pekee kwenye klabu, nami nitamwita Mama Vitz. Bumu langu lote lilikuwa limeishia kwenye hati ya kusafiria na bima ya mate (ya kumtukana kaka njiani, teh teh). Mama Vitz anaendesha kama anayebeba mayai. Kwenye vijiji kibao kikisema 50 yeye ni 48. Vijana wakatupita wote kabla ya Longido, na kabla ya Namanga tukawakuta wawili wamesimamishwa na wazee wa tochi, kila mmoja na elfu thelathini yake. Mama Vitz akapiga honi kidogo tu, pi, akapita. Jamani yule mama!

Usiku tulilala Kitengela. Kwenye nyama choma stori zikawa rali tupu: jinsi Safari Rally ilivyoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, jinsi Colin McRae alivyoshinda na Subaru mwaka 1997, jinsi mashindano yalivyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha. Ikifika soda ya tatu kila mwenye Subaru alikuwa McRae. Kaka alinyamaza kidogo kuliko kawaida yake. Nilidhani ni uchovu.

Asubuhi saa mbili tupo uwanjani. Mzee mwenyewe mfupi, kofia ya jua, sauti ndogo. Mimi nasoma Kiswahili na Jiografia, kwa hiyo masikio yangu yaliteseka sana: "mkono yako weka hapa", "gari yako iko na shida". Mara tatu nilitaka kumsahihisha. Nashukuru Mungu nilifunga mdomo, maana kufika saa nne nilikuwa naandika kwenye daftari kila anachosema.

Kwanza alikagua magari. Matairi, upepo, mafuta ya breki, kisha akaamuru kila kitu kinachocheza ndani ya gari kitolewe. Kwenye buti la kaka lilitoka sabufa, jeki, kandambili, dumu la maji na viazi nusu gunia ambavyo hakuna anayejua vilifikaje. Mzee akaliangalia sabufa akasema, "Hii ikikukuta kisogoni huwezi kusikia muziki tena." Kisha kukaa. Aliwakalisha mmoja mmoja. Mgongo ukiwa umegusa kiti, kifundo cha mkono lazima kifike juu ya usukani bila bega kunyanyuka. Mikono saa tisa na saa tatu. Goti libaki limekunjika kidogo hata ukiwa umekanyaga breki mpaka mwisho. Nusu ya vijana walikuwa wanaendesha wamelala chali kama wako saluni wanaoshwa nywele. Kaka alikuwa mmojawao. Alipokalishwa sawasawa alilalamika kwamba anaonekana kama mzee wa kanisa.

Kwa kuwa mimi sina leseni, mzee alinipa kazi: kupanga koni na kuhesabu hatua. Akawaambia madereva, kabla hamjawasha gari, kila mtu aweke koni yake pale anapodhani atasimama akifunga breki akiwa spidi 40. Wakaweka. Sasa wekeni ya spidi 80. Karibu wote wakaweka umbali wa mara mbili. Halafu wakaendesha. Kwa 40 gari la kwanza lilisimama hatua zangu tisa. Kwa 80 nilihesabu hatua thelathini na nne. Nikahesabu upya nikidhani nimekosea. Koni zote za 80 zilikuwa zimelala chini, zimepondwa na wenyewe walioziweka.

Mzee hakuhubiri. Alisema spidi ikiwa mara mbili, umbali wa kusimama ni mara nne, ndivyo ilivyo, huwezi kubishana nayo. Na hapo hujahesabu muda wa akili kushtuka: kwa spidi 100 gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo ukichelewa sekunde moja tu umeshapita nyumba tatu kabla mguu haujagusa breki. Basi, akarudi kwenye gari linalofuata.

Naomba nipumue hapa kidogo niongee kama mwanafunzi wa ualimu. Kwenye TP ya mwaka jana nilifundisha ngeli, kidato cha pili, vipindi viwili vya pamoja, dakika 80. Kila baada ya dakika tano nauliza "tumeelewana?" na darasa zima "ndiyooo!" Nikajiona Shaaban Robert. Mkaguzi wangu akamwita mtoto mmoja ubaoni, mtoto akaandika "gari zangu yameharibika". Sitasema nilipata alama ngapi. Sasa huyu mzee wa Athi River, siku nzima, hakuuliza mtu hata mara moja kama ameelewa. Alikuwa anasema, "Nionyeshe."

Turudi. Zoezi la tatu ndilo lililonifanya niandike haya yote. Unakuja spidi 60, ukifika kwenye koni mbili nyekundu unakanyaga breki kwa nguvu zako zote, na huku umekanyaga unageuza usukani ulikwepe boksi kubwa la makaratasi, unarudi kwenye njia yako. Mzee akaeleza kwamba magari mengi yenu yana ABS, kitu ambacho Bosch na Mercedes walikileta kwenye magari ya kawaida mwaka 1978. Bila ABS, ukikanyaga sana matairi yanajifunga, na tairi lililojifunga halisikilizi usukani. Unageuza, gari linakwenda mbele tu. ABS inaachia na kukamata, inaachia na kukamata, haraka kuliko mguu wa mtu yeyote, ili uweze kufunga breki na bado ugeuze.

Mama Vitz akaenda. Kanyaga, tatata, kwepa, simama. Boksi zima. Vijana wakapiga makofi, yeye akarekebisha kilemba.

Kaka akaja. Niliona pua ya gari inainama. Nikaiona inainuka. Ikainama tena. Boksi likaruka juu likanipita.

Jamani, tumbo langu lilikata. Nilikuwa nimeliona gari lile likifanya vile vile, ila mara ya kwanza nilikuwa ndani.

Mzee, aliyekuwa amekaa pembeni ya kaka, akashusha kioo, gari limesimama mita chache kutoka kwangu. Akauliza taratibu, "Kwa nini umetoa mguu?"

"Sikutoa. Breki zimegoma."

"Zimegoma vipi?"

"Pedeli imetetemeka, ikawa inanisukuma mguu. Nikaachia kidogo, nikakanyaga tena."

"Hiyo kutetemeka ndiyo ABS," mzee akasema. "Inatetemeka kwa sababu inafanya kazi. Ikitetemeka usitoe mguu. Wengi wanatoa, wanafikiri gari imeharibika."

Kaka alishika usukani, saa tisa na saa tatu kama alivyofundishwa, akaangalia mbele. Mimi nikaenda kuliokota boksi nikachukua muda mrefu kuliko unaohitajika.

Akarudia. Mara ya pili akaachia tena, mguu una ubishi wake. Mara ya tatu mzee aliweka mkono juu ya goti la kaka, akaukandamiza. Mara ya nne alikuwa peke yake na boksi likabaki limesimama. Hakushangilia. Alikwenda kuegesha nyuma ya lundo la matairi, na wakati wa chakula hakuja.

Nilimpelekea soda na chapati. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye tairi la nyuma, helmeti ya kuazima mapajani.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Siku ile ulikuwa nyuma. Uliona mguu wangu?"

"Mguu sikuona kaka. Ila gari liliinama, likainuka, likainama tena."

Akaitikia kwa kichwa. Chapati akaikunja, akaikunjua, akaikunja. Kaka yangu ana miaka thelathini na moja na sijawahi kumwona akilia, wala siku hiyo sikumwona, maana niliamua kuangalia upande wa Mua Hills mpaka alipomaliza. Mwishowe akasema, "Pedi zilikuwa nzima." Si kwangu. Alikuwa anaziambia zile chapati.

Mchana walizunguka uwanja wenyewe, na hapa nitakwenda mbio maana najua wengi wenu mnataka hiyo sehemu na mimi sina utaalamu nayo. Waliambiwa bendera: ya njano punguza kuna hatari, ya bluu kuna mwenye kasi nyuma yako, nyekundu acha kila kitu urudi. Waliambiwa breki zifungwe gari likiwa limenyooka, kabla ya kona, siyo ndani ya kona, na macho yatazame pale unapotaka kwenda, kwa kuwa gari linafuata macho. Ukiingia na spidi kubwa kwa gari kama Subaru pua inakataa kugeuka. Kwa Altezza, inayosukumwa na matairi ya nyuma, ukiongeza mafuta mapema mkia unatoka nje. Mwenye Mark X alizunguka kama pia akaishia kwenye majani, akashuka akicheka, magoti yakimtetemeka. Kufika saa tisa matairi yalikuwa yananuka, na McRae wetu wawili walikuwa wamepaki na moshi unatoka kwenye breki. Kaka alizunguka vizuri. Taratibu, halafu vizuri. Mzee alimwambia neno moja tu, "Sasa."

Jumapili asubuhi, Kitengela, Mama Vitz alinifungulia mlango. Nikamwambia, mama, leo napanda na kaka. Aliniangalia juu ya miwani, akamwangalia kaka, akasema tu nifunge mkanda.

Nilifunga mkanda mpaka ukanibana pumzi. Nilikaa mbele kushoto, kiti cha mama. Isinya, Kajiado, Bissil, Namanga, hatukuongea sana. Tulifuata Vitz nyuma, hatukuipita. Karibu na Longido ng'ombe walivuka barabara, kundi refu, na kijana mdogo wa Kimasai nyuma yao. Kaka alianza kupunguza mapema mno hata gari la nyuma yetu likapiga honi. Mkono wangu ulikuwa umeshika mpini wa mlango. Aliuona. Hakusema kitu, na mimi sikuuondoa.

Tulipofika Arusha hakukata kona ya kwenda nyumbani. Nilijua tunakokwenda kabla hajafika. Gereji ilikuwa imefungwa, Jumapili, lakini mzee anaishi nyuma yake na alikuwa nje kwenye kigoda anasafisha kabureta ya pikipiki kwa mswaki. Kaka akazima gari akakaa. Akakaa tena. Nikashuka mimi kwanza, nina deni langu.

"Shikamoo fundi."

Aliinua macho. Muda ule hauandikiki, wadau. Halafu, "Marahaba mwanangu. Mama anaendeleaje na mkono?"

Kaka alikuja nyuma yangu. Alisimulia yote, koni, boksi, pedeli, mguu, kwa maneno mengi yasiyo na mpangilio. Aliomba radhi. Akasema atawaambia klabu nzima, kila mmoja, kwa mdomo wake. Fundi alisikiliza huku anasugua kabureta. Alipomaliza, mzee aliweka mswaki chini, akajifuta mikono, akaenda mpaka kwenye Altezza, akachuchumaa kwenye tairi la mbele. Akanusa.

"Umezichoma huko Kenya," akasema. "Kesho lilete asubuhi nizione hizo pedi. Kabla sijapata wateja wengine."

"Wateja wengine" alisema bila kututazama. Kaka alikuwa hapo saa kumi na mbili na nusu, gereji haijafunguliwa.

Haya, mimi nimesharudi chuo, nina tesiti ya Jiografia Alhamisi na sijafungua hata ukurasa. Anayenidai chapati ajitokeze.